Mume Niliyemweka Mlangoni

Watu wakiniuliza siku hizi mwanamke mzee anayeishi peke yake ajilinde vipi, huwa nawaambia wasiniulize mimi. Wananicheka, wanadhani naringa. Wajukuu wa dada yangu walikwenda kwenye mafunzo sijui wapi, wakafundishwa kumpiga mtu goti na kushika funguo katikati ya vidole, wakaja kunionyesha sebuleni kwangu mpaka wakaangusha stuli na chai yangu juu yake. Nikawaambia hongereni, sasa futeni. Mimi nilipokuwa mjane mpya silaha yangu ilikuwa mabuti ya mwanaume, na nusura yanimalize.

Hii ni habari ya Kigali, mwaka wa tisini kuingia tisini na moja. Ya mwaka wa tisini na nne yana wenyewe wa kuyaeleza, na mimi sina nguvu nayo. Nitaeleza haya yangu madogo, maana na yenyewe yaliniuma.

Mimi ni mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, ambako ukipiga chafya chumbani kwako anayekuombea rehema ni jirani. Wazazi wangu walitoka Ujiji. Mume wangu alikuwa dereva wa kamyo, yale malori makubwa, njia ya Rusumo kwenda Dar es Salaam na kurudi. Mungu hakutujalia mtoto aliyeishi. Alipoanza kuzeeka akaingiwa na wazo la kununua kiwanja Kagugu. Kagugu ya wakati ule usiifananishe na hii ya leo. Ilikuwa migomba, mashamba ya maharage, nyumba moja hapa na nyingine kule ng'ambo. Nikamwambia, "Mzee, unanipeleka porini nikaliwe na fisi." Akacheka, akasema atanijengea baraza nikae nitazame Kigali yote kwa chini. Nyumba akaijenga, tukahamia. Baraza alikuwa bado anaitafutia saruji.

Alifia safarini, Dodoma, kwa homa. Watu wema wakamzika siku hiyohiyo, kama dini yetu inavyotaka, na mimi nikaletewa habari na dereva mwenzake pale kwa dada yangu Biryogo nilipokwenda kumjulia hali. Sikuona uso wake, sikuona kaburi. Nikakaa eda hapohapo kwa dada. Biryogo walinililia vizuri, siwezi kusema uongo. Eda ilipokwisha, shemeji yangu akasema niuze nyumba ya Kagugu nibaki nao. Kwao watu walikuwa wanalala mpaka jikoni. Nikamjibu kwamba nyumba ile ni jasho la mume wangu na sitaiuza nikiwa hai. Ndivyo nilivyo, nikishasema nimesema.

Nikapanda mlima na furushi langu, nikiwa nimejiandaa kuwaambia majirani kuhusu msiba. Kule mlimani walikuwa hawajui lolote. Wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yangu wa karibu, mama mtu mzima wa umri wangu, mke wa mkulima, tuliyezoea kupeana makaa ya kuwashia moto. Alikuwa akiniita "Mukecuru", yaani bibi mzima, kwa heshima ya Kinyarwanda. Kabla sijatua furushi akaanza yeye.

"Mukecuru, hukusikia yaliyotupata? Yule mjane wa chini ya njia, wezi wamemvunjia mlango. Wamemvunja na mkono. Na unajua ni nani? Watu waliokuja kwenye msiba wa mumewe! Walikaa nasi kwenye moto, wakala, wakanywa, huku wanaangalia mlango una komeo gani."

"Hakupiga induru?" nikauliza. Induru ni ule ukelele wa kuomba msaada. Kwa desturi za huku, mtu akiupiga, kila mwanaume anayesikia lazima atoke na fimbo yake, na asiyetoka ataulizwa kesho yake.

"Angepiga na nini? Walimkalia kifuani. Wanawe wamekuja wamemchukua, wamempeleka kwao Ndera." Akashusha pumzi. "Afadhali wewe una mwanaume. Mzee yuko wapi?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Yuko safari."

Basi, ndiyo ikawa hivyo. Neno lile likishatoka lingerudi vipi? Nikaingia ndani, nikafunga komeo, nikakaa kitandani na buibui langu mwilini. Nilikuwa nimekuja na msiba wangu wote kuwapa watu wanisaidie kuubeba, na sasa nikawa nimeufungia ndani pamoja nami. Mlima ule mzima haukuniambia pole. Wangeniambiaje, na mume wangu yuko safari?

Lakini dereva hurudi nyumbani. Kwa hiyo na wangu ilibidi arudi. Nikayatoa mabuti yake ya kazi, makubwa, yenye soli nene, nikayaweka nje ya mlango jua linapotua. Nikafua shati lake lililo safi na kulianika upande wa njia ili kila apitaye alione. Alikuwa mvutaji, basi nikawa nawasha sigara na kuiacha iungue kwenye kisahani dirishani, harufu itoke. Nyuma ya mlango nilirundika sufuria ili ukisukumwa zipige kelele. Kando ya mto nikaweka mchi wa kinu na kopo la pilipili ya unga iliyochanganywa na majivu. Nikikosa macho ya mtu nitapata pua.

Na nje nilikuwa na sheria zangu. Njia ya mkato ya kwenye mikaratusi sikupita tena hata kama mvua inanyesha. Nikisikia hatua nyuma yangu nisizozijua, naingia boma la kwanza ninalolikuta na kuwasalimia wenyewe kwa sauti kubwa utadhani nimealikwa, wao wananishangaa, mimi nawauliza habari za watoto. Na kama hakuna boma, napaza sauti kuelekea mlimani: "Mzee! Nimefika, njoo unipokee mzigo!" Hatua zile hupungua. Wallahi zilikuwa zinapungua.

Kisha kulikuwa na maongezi. Nyumba isiyosikika sauti si nyumba yenye mume. Mwanzoni nilikuwa nasema machache tu, dirisha likiwa wazi: "Mzee, chai inapoa." "Mzee, hiyo taa ipunguze." Naacha nafasi kidogo, kama mtu anayesubiri jibu, halafu naendelea. Nilikuwa naona haya, najisikia kichaa. Baada ya muda haya zikaisha. Nikawa namsimulia bei za sokoni, namsema kuhusu ile baraza, namuuliza kama miguu bado inamuuma. Nilimgombeza jioni moja mpaka nikacheka mwenyewe, maana nilijua kabisa angenijibu nini. Siku nzima nilikuwa sina wa kuongea naye, nikilima kitalu changu cha mchicha na kusikia ng'ombe wa watu. Ikifika jioni moyo wangu ulikuwa unachangamka. Naweka mabuti mlangoni, naingia ndani, naanza.

Kwa kifupi, nilikuwa naongea na maiti kwa Kiswahili kila siku jua likitua, dirisha wazi, mlimani Kagugu. Halafu vita vikaanza.

Waliokuwa Kigali wakati ule wanakumbuka. Wapiganaji waliingia kutokea mpakani na Uganda, mjini milio ya bunduki ikasikika, watu wakakamatwa kwa mamia, ikawekwa amri ya kutotoka nje jioni. Kila mlima ukaambiwa uangalie wageni, uangalie waliofichwa, uangalie vibaraka. Na kuhusu wale wapiganaji ilisemwa kitu kimoja sokoni, kwenye vizuizi vya barabarani, kila mahali: wanaongea Kiswahili.

Nililisikia hilo kwa masikio yangu mawili. Halikuniingia! Utanielewa? Kwangu mimi Kiswahili ni lugha ya kuombea chumvi kwa jirani. Ni lugha niliyoimbiwa nikilala. Ningewezaje kuwaza kwamba mtu aliyelala ng'ambo ya migomba anaisikia ikitoka dirishani kwangu na kuona bunduki?

Jirani yangu akaanza kubadilika. Hakuja tena kuchukua makaa. Akawa ananisalimia akiwa kwenye shamba lake, jembe mkononi, hasogei. Siku moja tu alisogea, akaniuliza kwa Kinyarwanda chake cha taratibu.

"Mzee alirudi?"

"Alirudi jana."

"Kamyo sikuiona barabarani."

"Imeharibika, ameiacha mjini."

"Sikumwona akipita."

"Ameondoka alfajiri, mlikuwa bado mmelala."

"Na amri ya kutotoka nje je?"

"Madereva wana vibali vyao," nikasema, nikaona nimemjibu vizuri sana. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye jembe lake. Nilimtazama akienda nikajisemea, hata huyu sasa anamwogopa mume wangu, kazi yangu imefaulu. Nilifurahi! Mwanamke mzima na akili zangu.

Walikuja alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuswali, bado niko kwenye mkeka. Nikasikia nyasi zinakanyagwa pande zote za nyumba, halafu mlango ukagongwa kwa kitako cha kitu kizito, na sufuria zangu zikaporomoka zote kwa mpigo.

Sasa ukishajizoeza jambo, mwili haukuulizi. Sikufikiri hata kidogo. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, Kiswahili kimenyooka: "Mzee, amka! Kuna watu mlangoni! Chukua chako!"

Kisha nikasikia bunduki zikikokiwa, moja baada ya nyingine, kuizunguka nyumba.

"Atoke yeye kwanza!" sauti ikafoka. "Mikono juu!"

Ndipo nilipofahamu kwamba hawa si wezi, ni askari. Nikasema hakuna mtu, jamani, niko peke yangu, na sauti yangu mwenyewe naisikia inavyosema uongo, maana hata mimi nisingeiamini. "Umemuita sasa hivi! Tumesikia!" Nikafungua komeo, nikatoka nimeinua mikono, kanga ikanidondoka begani na sikuweza kuiokota. Askari mmoja akanikalisha chini kwenye umande, mwingine akanisimamia. Walikuwa vijana. Pamoja nao alikuwepo mkuu wa nyumba kumi, yule kiongozi wetu mdogo wa mtaa, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, ananitazama kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kukata tamaa nami.

Wakaingia. Nikasikia godoro likipinduliwa, kabati likivutwa, mtu akapanda mpaka darini. Watu wa mlima wakaanza kukusanyika kwenye njia, wanaume kwa wanawake. Jirani yangu alikuwepo, mikono kifuani.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo. Akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa Kiswahili cha jeshini.

"Mama, jioni unaongea na nani?"

"Na mume wangu."

"Bwana yako iko wapi?"

Ningeweza kusema yuko safari. Neno hilo lilikuwa tayari ulimini, nilikuwa nimelisema mara zisizo na hesabu. Lakini niliwaona wale vijana wanavyoshika bunduki, nikaona kwamba nikilisema tena sitasimama kutoka pale nilipoketi.

"Amekufa," nikasema.

"Lini?"

"Mwaka jana. Kabla vita havijaanza."

"Na hiyo mabuti ni ya nani?"

"Ni yake. Nayaweka mimi, wezi waogope."

Akalichukua buti moja, akaingiza mkono mpaka ndani kabisa, akautoa. Vidole vilikuwa vimepakaa ukungu wa kijani. Akalichukua la pili, vilevile. Akanusa mkono wake, akaufuta kwenye nyasi. Askari waliokuwa ndani wakatoka wakitikisa vichwa: hakuna mtu, hakuna nguo chafu ya kiume hata moja, wembe una kutu. Yule mkubwa akasimama. Nilidhani atanipiga. Akaangua kicheko, tena cha kweli, mpaka akashika tumbo, kisha akawageukia watu wa njiani akawatangazia kwa Kinyarwanda kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde: "Hakuna mtu humu! Bibi huyu yuko peke yake! Mume wake alikufa zamani! Anaongea na marehemu!"

Baadhi wakacheka. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye umande. Kitu nilichokificha tangu siku ile niliyopanda na furushi, kitu nilichokilinda kwa mabuti na sigara na pilipili, amekimwaga mbele ya mlima mzima kwa pumzi moja. Kila mtu sasa alijua, na wezi wa mjane wa chini, kama walikuwepo hapo njiani, nao walijua. Nakuambia ukweli, kwa dakika ile nilitamani wangenichukua waende nami.

Waliondoka bila hata kurudisha godoro kitandani. Nilifunga mlango nikakaa kati ya vitu vyangu vilivyopinduliwa, sikulia. Nilikuwa na hasira tu.

Mchana mtu akabisha hodi. Alikuwa jirani yangu, na kigae chenye makaa mkononi. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wa mlimani wamebeba kuni, na wanaume wachache na mikeka, na mkuu wa nyumba kumi safari hii amevaa vizuri. Hawakuniomba ruhusa. Wakawasha moto katikati ya ua wangu, wakatandika mikeka, wakakaa. Nilijua ni nini. Wanyarwanda wakifiwa huwasha moto uani na watu huja kuketi kuuzunguka. Walikuwa wamekuja kukaa matanga ya mume wangu, marehemu wa zaidi ya mwaka.

Nikamwendea jirani pale alipokuwa anachochea kuni. "Ni wewe uliyenichongea?"

Hakukwepa. "Ni mimi. Nilikusikia kila jioni na ile lugha yenu, na mtu simwoni. Nina watoto, Mukecuru. Niliogopa wangekuja kutuuliza sote kwa nini tulinyamaza."

"Wangeniua!"

"Ndiyo," akasema. "Na mimi ningekosa usingizi mpaka nife." Kisha naye akapandisha sauti. "Lakini wewe ulituona sisi ni watu gani? Kufiwa na mume usituambie! Sisi si wale wezi. Ungetuambia tungekuja siku ileile."

Nilimwambia maneno makali, sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanivuta mkono nikakaa kwenye mkeka kando yake, kwa kuwa mwenye msiba hasimami. Wakaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikawaeleza: mcheshi, mbishi, akipenda wali wa nazi na kuchukia kuamshwa. Wanawake wakaguna kwa huruma. Mzee mmoja akasema anamkumbuka, aliwahi kumpa lifti mpaka mjini na hakutaka kulipwa. Na hapo ndipo machozi yalipokuja, mbele yao wote, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kabla hawajaondoka wakanipangia ulinzi. Mkuu wa nyumba kumi akaleta waya na debe tupu. Wakalitundika debe lile na mawe ndani yake kwenye mti wa jirani, na waya wakaupitisha juu ya migomba mpaka kwenye dirisha la chumba changu. Nikiuvuta, debe linalia, na wao watatoka. Wakanijaribisha nivute, mume wa jirani akatoka mbio na fimbo yake, watu wakapiga makofi. Halikuwa jambo la mchezo. Kuanzia jioni ile nilikuwa salama kuliko nilivyowahi kuwa pale mlimani, na lazima niseme hivyo kwa haki yao.

Saa ya amri ilipokaribia wakakunja mikeka, wakanipa pole mmoja mmoja, wakaenda. Nikarudisha godoro kitandani peke yangu. Nikachemsha chai. Siku kama ile, na vituko vyake vyote, kicheko cha yule askari, debe, mzee na lifti yake! Nikakaa nikafungua mdomo nimsimulie mume wangu.

Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, taratibu, kama mwanzo: "Mzee..." Niliacha nafasi ya jibu lake, nikasubiri, na safari hii nilijua kwamba hakuna anayejibu. Chai ikapoa mbele yangu. Sikumwita tena, jioni ile wala nyingine yoyote.